Mgonjwa wa sonona anaanzishiwa dozi ndogo halafu anabaki nayo miaka: tunakosea wapi?

mtabibu_kijana

Wakuu habari zenu. Mimi ni daktari wa kliniki ya jumla, sijafikisha hata miaka 3 kazini, kuna jambo linaninyima raha naomba mnisaidie mawazo. Wiki mbili zilizopita nilipewa kazi ya kupitia mafaili ya wagonjwa wetu wote wanaotumia dawa za sonona, lengo lilikua kuona tu nani bado anahudhuria na nani kapotea. Basi nikaanza kusoma faili moja moja, na kadri nilivyokua nasoma ndio nikawa naishiwa nguvu.

Ninachokiona ni hiki. Mgonjwa kaja analalamika hapati usingizi, mwili unauma, hana hamu na chochote, analia bila sababu. Kaandikiwa amitriptilini miligramu 25 usiku. Mwezi unaofuata karudi, faili linasema "aendelee na dawa". Mwezi mwingine "aendelee na dawa". Kuna mama mmoja ana miaka 5 anaendelea na dawa, 25 ile ile, na malalamiko yake ya mwaka huu ukiyaweka pembeni ya yale ya siku ya kwanza huoni tofauti, hakuna aliyeandika kama kapata nafuu, hakuna aliyepandisha, hakuna aliyebadilisha wala aliyesimamisha. Watu wanne tofauti wamemuona na kila mmoja kanakili mstari wa mwenzake.

Walioanza miaka ya karibuni wengi wako kwenye fluoksetini 20, sawa hiyo angalau ni dozi inayoeleweka, ila nako huoni mahali mtu kauliza baada ya wiki 6 imekuaje. Halafu kuna kundi la tatu, amitriptilini 25 na fluoksetini 20 kwa pamoja, na ukitafuta nani aliongeza ipi na kwa nini hupati.

Chuoni tulifundishwa amitriptilini ya sonona ni kuanzia 75 mpaka 150. Nilipomuuliza mwenzangu aliyenitangulia akaniambia ukipandisha wanalalamika kinywa kikavu, wanasinzia mchana kutwa, mwisho wanaacha zote, bora hiyo 25 kuliko kukosa kabisa. Na kusema kweli sikua na jibu la kumpa. Sasa naomba kujua, hii 25 inamsaidia mtu mwenye sonona au tunajiridhisha sisi? Na ni kliniki yetu tu au ndio ilivyo kila mahali? Na nikitaka kurekebisha nianzie wapi bila kumuumiza mtu, maana sitaki nikurupuke nipandishe watu wote dozi halafu nilete balaa lingine.

mkongwe_wa_zamu

Dokta kijana pole na kazi, na hongera kwa kusoma hayo mafaili maana wengi wetu tunafunua ukurasa wa mwisho tu, tunaandika, tunafunga.

Nianze kwa kukupoza kidogo. Sio kila amitriptilini 25 unayoiona ni sonona iliyotibiwa nusu. Dawa hii ina kazi zaidi ya moja, tunaitoa 10 mpaka 25 usiku kwa maumivu ya neva, tunaitoa kuzuia kipandauso, na huko dozi ndogo ndio dozi yenyewe. Kwa hiyo kabla hujalihukumu faili rudi kwenye siku ya kwanza uone iliandikwa kwa ajili ya nini. Shida ni kwamba mara nyingi hutakuta imeandikwa. Mtu kaja na maumivu, usingizi hakuna, machozi, daktari ana foleni ndefu nje, kaona dawa moja inagusa vyote vitatu kaiandika, ila kichwani mwake hakuamua anatibu kipi. Kwa mwenye maumivu ya neva 25 imetosha. Kwa mwenye sonona ndio kwanza kapanda kizingiti.

Swali lako kama ni kwenu tu, hapana, na ni la zamani sana. Imipramini, ya kwanza kwenye familia ya dawa ambayo amitriptilini imo, aliyeitambua ni Roland Kuhn kule Uswisi akaripoti mwaka 1957, amitriptilini ikafuata 1961. Zilichunguzwa kwa wagonjwa wa hospitali za akili, watu wamezidiwa, wamelazwa, kuna nesi wa kuwaangalia usiku na mchana, na zile 150 zilitokea huko. Dawa iliposhuka kwa madaktari wa jumla ikakutana na mgonjwa mwingine kabisa, anatembea, anaenda kazini, anaendesha gari, huyo ukimpa 150 anakuona adui. Madaktari wa jumla wakashusha, wakatulia kwenye 25, 50, mara chache 75, na mabingwa wa akili wakawalaumu miaka na miaka kwamba wanatoa dozi isiyotibu. Uingereza mpaka ikafanyika kampeni ya kupambana na sonona kuanzia 1992 mpaka 1996, vyuo vya kifalme vya madaktari wa akili na vya madaktari wa jumla vikishirikiana, na mojawapo ya mambo waliyokua wanayasukuma ni watu wapewe dozi kamili kwa muda kamili.

Sasa hapa ndio nataka usikilize vizuri kwa sababu wengi wanaishia kwenye lawama. Mwaka 2002 Furukawa na wenzake walichapisha kwenye jarida la BMJ mapitio ya tafiti za dozi ndogo za familia hii, na walichokikuta ni kwamba miligramu 75 mpaka 100 kwa siku zinafanya kazi kuliko kidonge kisicho na dawa, na kupanda zaidi ya hapo hakukuonyesha faida ya wazi ila walioacha dawa kwa sababu ya madhara waliongezeka. Maana yake madaktari wa jumla walikua na hoja, 150 haikua lazima kwa kila mtu. Ila tuliichukua hoja hiyo tukaivuta mpaka kwenye 25 ambako hakuna ushahidi wa namna hiyo. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ule wa kutibu magonjwa ya akili kwenye kliniki zisizo za mabingwa, nao unasema anza 25 usiku, ongeza 25 mpaka 50 kila wiki, na umeandika kabisa kwamba kwa mtu mzima dozi ya chini yenye kazi ni 75. Kwa wazee na wenye magonjwa mengine ni 50 mpaka 75, isivuke 100.

Huyo mwenzako anayesema bora 25 kuliko kukosa namuelewa, nilikua nasema hivyo hivyo. Lakini mgonjwa wa 25 anapata kinywa kikavu na usingizi, yale madhara anayapata, faida ya kuinua moyo haipati.

nuru_ya_asubuhi

Samahani mimi sio mtu wa afya, ni mgonjwa, ila nimesoma hii nikashindwa kukaa kimya.

Mimi ndio huyo wa kwenye faili. Miaka 3 na ushee nimetumia hiyo hiyo 25 kila usiku. Nilikua nalala, hilo sikatai, usingizi niliupata tangu wiki ya kwanza na nikashukuru sana. Lakini asubuhi naamka mzito kama nimefungwa jiwe, watoto wananiongelesha naona midomo inacheza tu, nilikua naoga kwa kujilazimisha. Nikirudi naulizwa unalala? Nasema ndio. Basi endelea. Sikuulizwa swali lingine na mimi sikujua kama kuna lingine la kuulizwa.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilijua nimeshajaribu dawa na dawa zimenishindwa. Nilikua nawaambia watu hivyo kabisa, mimi dawa hazinifai, mimi wangu ni wa kudumu. Nilishaanza kukata tamaa ya namna mbaya ambayo sitaki kuielezea hapa. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ile ilikua ngazi ya chini kabisa na juu yake kuna nyingine.

Daktari aliyenibadilishia maisha wala hakufanya kitu kikubwa. Alinipa karatasi ya maswali 9 nijaze, akahesabu, akaniambia una alama 19, baada ya wiki 4 tutahesabu tena tuone zimeshuka au la. Akaipunguza ile ya zamani taratibu mpaka ikaisha, akanianzisha sertralini 50. Wiki mbili za mwanzo zilikua mbaya, kichefuchefu, wasiwasi ukaongezeka, ningekua sijaambiwa mapema ningetupa vidonge. Wiki ya nne alama 14, akapandisha 100. Kwenye wiki ya nane hivi nikajikuta nacheka na mwanangu wa mwisho, na nikashtuka kwa sababu nilikua nimesahau sauti yangu ya kucheka. Dokta kijana huyo mama wa miaka 5 nakuomba muite.

mtabibu_kijana

Asante sana dada, nimeisoma mara mbili. Nitamuita.

Mkongwe nashukuru, sasa nauliza kwa wote, hizi mpya za akina fluoksetini na sertralini nazo kanuni ni hiyo hiyo, yaani asipopata nafuu napandisha tu mpaka nifike juu kabisa? Kuna faili moja nimeona mtu kapelekwa fluoksetini 60 ndani ya wiki 5.

mfamasia_dirishani

Hapana, na hapa naomba nizungumze kidogo kwa urefu maana ndio eneo langu.

Fluoksetini iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987 na moja ya sababu zilizofanya ipendwe haraka na madaktari wa jumla ni kwamba dozi ya kuanzia kwa wengi ndio dozi ya kutibu. 20 unaanza nayo na unaweza ukamaliza nayo, huna ngazi za kupanda kila wiki. Kwa hiyo lile kosa la amitriptilini 25 kwa kiasi fulani lilipungua lenyewe bila daktari kubadilika tabia. Ila tabia ya kutouliza ilibaki pale pale, ndio maana unaona mtu yuko 20 mwaka wa tatu na hakuna anayejua kama imemsaidia.

Upande wa kupandisha, Furukawa huyo huyo na wenzake mwaka 2019 walichapisha kwenye jarida la Lancet Psychiatry uchambuzi wa tafiti 77 ambazo kila kundi lilipewa dozi moja isiyobadilika. Walizigeuza dozi za dawa mbalimbali kuwa sawa na za fluoksetini wakakuta faida inapanda mpaka kati ya 20 na 40 halafu baada ya hapo inalala au inashuka kidogo, wakati wanaoacha kwa madhara wanazidi kuongezeka. Sababu unaweza kuielewa ukiangalia picha za ubongo, dozi za kawaida kama sitalopramu 20 tayari zinashika karibu asilimia 80 ya vile vinasa vya serotonini, yaani sehemu za ubongo ambazo dawa hizi zinazishika ili zifanye kazi, sasa ukitoka 20 kwenda 60 unaongeza asilimia chache tu huku madhara unayazidisha mwili mzima. Kwa hiyo mtu ambaye 20 haijamgusa kabisa, kupanda mara moja kwa kiasi ni sawa, ila ukifika 40 na bado hakuna kitu, rudi ujiulize kama ugonjwa ni huo, kama vidonge vinamezwa kweli, kama kuna pombe, kama tezi na damu zimepimwa, ndipo uwaze kubadilisha dawa au kuongeza tiba ya mazungumzo.

Huyo wa 60 ndani ya wiki 5 nina wasiwasi naye kwa jambo lingine. Fluoksetini ni dawa inayokaa, yenyewe na kile inachogeuka mwilini hukaa siku nyingi, kwa hiyo kila unapobadilisha dozi inachukua kama mwezi kiwango kwenye damu kutulia. Ukipandisha kila wiki mbili unapandisha juu ya dozi ambayo bado haijafika. Wiki ya 5 alikua hajaonja hata 40 sawasawa. Mpe wiki 4 mpaka 6 kwenye dozi moja ndio uamue.

Na lile kundi lako la tatu, amitriptilini pamoja na fluoksetini, hilo naomba uliangalie kabla ya yote. Fluoksetini inazuia kimeng'enya cha ini kinachosaidia kuvunja amitriptilini. Ile 25 kwenye karatasi ni 25, kwenye damu ni zaidi, na ukijidanganya kuipandisha kwa mwendo wa kawaida ukiwa umeweka fluoksetini juu yake unaweza kumfikisha mtu kwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa. Wapo ambao mchanganyiko huu unawafaa kwa sababu inayojulikana, mfano kipandauso na sonona, lakini iwe imeandikwa na mtu anajua anafanya nini.

Kuzuiwa kwa kimeng'enya hicho hicho ndiko kunakofanya fluoksetini na paroksetini zisiwe rafiki kwa mama anayetumia tamoksifeni ya saratani ya titi, zinaifanya isigeuzwe kuwa kile kinachotibu. Vingine ninavyovikamata dirishani kila mara ni tramadoli juu ya dawa hizi, na ibuprofeni au diklofenaki za kila siku juu yake kwa mzee, huyo anaweza kutoka damu tumboni. Sitalopramu isivuke 40, na kwa wazee 20, ni kwa ajili ya moyo. Wazee pia sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, inashuka, ukimuona kaanza kuchanganyikiwa wiki ya pili usiseme ni uzee, pima.

mchangiaji_huru

Mimi naona mnazungumzia kupandisha dozi wakati shida kubwa ni kwamba hizi dawa zinagawiwa hovyo. Mtu kafiwa, mtu kaachwa, mtu kafukuzwa kazi, dakika 7 anatoka na vidonge. Nani alisema hao wote ni wagonjwa? Badala ya kujadili 25 au 75 mngejadili kwa nini walipewa.

mkongwe_wa_zamu

Ndugu yangu una haki ya kuuliza na sitakupinga, kwa sababu vyote viwili vinatokea kwenye kliniki moja siku moja. Mmoja katoka na dawa ambayo hakuihitaji na mwingine aliyezama kabisa katoka na dozi isiyotosha. Chanzo ni kimoja, hakuna aliyepima uzito wa sonona siku ile. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kwenye mwongozo wake wa 2022 imesema wazi kwamba kwa sonona isiyo kali dawa zisiwe kitu cha kwanza kutolewa kama kawaida, isipokua mwenyewe mgonjwa akizitaka. Na kuna utafiti uliofanyika kwa madaktari wa jumla wa Uingereza, unaitwa PANDA, ulichapishwa 2019, watu zaidi ya 600, nusu sertralini nusu kidonge kitupu. Wiki ya 6 dalili za sonona zenyewe hazikuonyesha tofauti ya wazi, ila wasiwasi ulishuka na hali ya maisha ikawa bora. Hilo mimi nilijifunza nalo kitu, kwamba mgonjwa anaweza kukwambia "nahisi afadhali" na ukimpima huzuni peke yake usilione.

Ila nikuombe usimuweke nuru_ya_asubuhi kwenye kapu la waliopewa hovyo. Uchambuzi mkubwa wa Cipriani wa mwaka 2018, tafiti 522, watu zaidi ya laki moja, dawa 21, zote zilifanya kazi kuliko kidonge kitupu kwa mtu mzima mwenye sonona ya kati mpaka kali. Kiasi cha faida kwa wastani si kikubwa, lakini wastani umebeba ndani yake mtu ambaye hajaguswa na mtu aliyerudishiwa maisha.

nesi_wa_usiku

Naongezea kwa upande wa kazi yangu, nipo kitengo cha afya ya akili miaka mingi, hawa wanaokwama kwenye 25 wanatufikia sisi wakiwa wamechelewa sana.

Dokta kijana umeuliza uanzie wapi. Usianze na kidonge, anza na tarehe. Mgonjwa mpya mwandikie arudi ndani ya wiki 2, na kama ana chini ya miaka 25 au ana mawazo ya kujiua basi wiki 1, usimpe mwezi mzima halafu ukae kimya. Marekani walianza kuweka onyo kali kwa watoto na vijana mwaka 2004, mwaka 2007 wakalisogeza mpaka miaka 24, kwa sababu mwanzoni mwa dawa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa rika hilo. Watu wakasikia onyo wakaogopa kuandika, lakini linalotakiwa ni kuwaangalia kwa karibu, na kumuangalia mtu hakuhitaji mashine. Kama hawezi kufika mpigie simu. Dakika 4 za simu wiki ya kwanza zimewaokoa wagonjwa wangu wengi kuacha dawa, unamwambia tu kichefuchefu hiki kinapita, usiache, na kama unahisi kujidhuru nipigie sasa hivi sio kesho.

Kabla ya kuanza muulize kama amewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, halali siku 3 na hachoki, anatapanya pesa, anaongea bila kituo. Jibu likiwa ndio usimpe dawa ya sonona peke yake, unaweza kumrusha juu, mpeleke kwa bingwa. Hili linasahaulika kuliko yote na nimewapokea wodini watu waliorushwa hivyo.

Na amitriptilini kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua, mimi naogopa kwa kweli. Akimeza za mwezi kwa mkupuo anaweza kufa, moyo unasimama. Kama hakuna dawa nyingine basi apewe za siku chache chache na ndugu azishike. Hii nayo ni sababu iliyowafanya wengine wabaki kwenye dozi ndogo, wanaogopa kumpa mtu aliyekata tamaa vidonge vingi, na naiheshimu, ila suluhisho lake ni kubadilisha dawa.

Yale maswali 9 aliyoyataja dada yanaitwa PHQ-9, alama 0 mpaka 27, kuanzia 10 kwenda juu unashuku sonona. Yaandike kwenye faili kila mara na swali la 9 lisome kwa mdomo, ndilo la kujidhuru.

bado_natumia

Jamani naomba kuuliza na mimi. Niko kwenye esitalopramu 10 mwaka wa 6 sasa, niko vizuri tu tangu mwaka wa kwanza. Nilijaribu kuacha mara 2, nikaanza kupata kama shoti za umeme kichwani, kizunguzungu, hasira, silali, nikaambiwa ugonjwa umerudi nikarudishiwa. Sasa sijui natumia kwa sababu naumwa au kwa sababu siwezi kuacha.

mfamasia_dirishani

Swali lako limenigusa kwa sababu huu ni upande wa pili wa faili lile lile, wa kwanza hakupandishwa na wewe hakuna aliyekaa na wewe kupanga mwisho. Miongozo inataka mtu aendelee na dawa angalau miezi 6 baada ya kupona, mhGAP ya 2016 ilisema miezi 9 mpaka 12, na waliougua mara nyingi zaidi ya hapo. Baada ya muda huo inatakiwa mtu na daktari wake wakae waamue, wewe umefika mwaka wa 6 bila kikao hicho.

Shoti za kichwani na kizunguzungu vinavyoanza siku chache baada ya kupunguza, na vinavyoondoka haraka ukirudisha kidonge, hivyo vinaelekea zaidi kuwa ni mwili kuzoea kukosa dawa. Ugonjwa unaorudi kwa kawaida unakuja polepole, baada ya wiki au miezi, na unakuja na sura ile ile ya mwanzo. Nimesema vinaelekea, sijakupima.

Kosa linalofanyika ni kukata 10, kisha 5, kisha sifuri. Kumbuka nilivyosema juu ya vile vinasa, sitalopramu, ambayo ni ndugu wa karibu wa hiyo yako, 20 yake inashika asilimia 80 hivi lakini hata 5 bado inashika zaidi ya nusu. Kwa hiyo kushuka 20 mpaka 10 mwili hausikii sana, ile hatua ya mwisho kutoka 5 kwenda sifuri ndio unaanguka kutoka ghorofani. Watafiti Horowitz na Taylor walieleza hili mwaka 2019, wakashauri kadri unavyokaribia chini ndivyo hatua ziwe ndogo zaidi na muda uwe mrefu, miezi na sio wiki mbili, na kuna dawa ya maji ya esitalopramu inayowezesha kupima kidogo kidogo. Usiruke siku, leo unameza kesho humezi, hiyo inakupandisha na kukushusha kila siku.

Na uende ukijua ukweli wote. Utafiti wa ANTLER wa 2021 ulichukua watu 478 wa kliniki za jumla za Uingereza, wako vizuri na wako tayari kuacha, nusu wakaendelea nusu wakapunguziwa. Ndani ya mwaka walioacha asilimia 56 ugonjwa ulirudi, walioendelea 39. Unaweza kuusoma kwamba dawa inalinda, na ni kweli, na unaweza kuusoma kwamba zaidi ya 4 kati ya 10 waliacha wakakaa mwaka mzima salama, nayo ni kweli. Kuamua ni wewe na daktari wako, na ukiamua kuendelea hujashindwa chochote. Usiache mwenyewe kimya kimya tafadhali.

mtabibu_kijana

Wakuu nimerudi. Nimeanza na wale wa dawa mbili kwa pamoja kama mfamasia alivyosema, wawili hata wao hawajui kwa nini wanameza zote, tumeshapanga kuwaondolea moja taratibu. Mafaili mapya nimeweka mistari mitatu juu ya ukurasa, dawa ni ya nini, alama za leo ni ngapi, tunaamua tena lini.

Yule mama amekuja jana. Nilimuuliza maswali 9, lile la 9 jibu lake lilikua "hapana, sitamani kufa, ila sijali". Alama 17. Nikamueleza kwamba dozi yake ilikua ya mwanzo tu, akakaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza "kwa hiyo sio mimi?" Nilishindwa kujibu kwa haraka. Nilitaka nimpandishe hadi 50 pale pale, ila ana miaka 61 na ana presha, nikasita.

mkongwe_wa_zamu

Umefanya vizuri kusita. Kwa umri huo na presha mfanyie kipimo cha umeme wa moyo kwanza, na muulize kama huwa anapata kizunguzungu akisimama. Mimi ningemhamisha badala ya kumpandisha, sertralini 25 kwa wiki 1 kisha 50, amitriptilini ikishuka pembeni, na sodiamu apime kabla na wiki ya pili. Ana tarehe ya kurudi?

mtabibu_kijana

Jumanne ijayo. Na namba yake ya simu nimeiandika juu ya faili.